Kaa wa Mwese katika Sufuria Yangu

Jumapili ile, begi la hospitali lilikuwa limekwisha kufungwa na kuwekwa mlangoni. Nililifunga mwenyewe baada ya misa ya kwanza: khanga mbili, shuka, chupa ya chai, sahani, kijiko na kadi ya bima. Daktari alikuwa ametupa muda hadi Jumatatu.

"Homa ya matumbo imekwisha, Bibi," aliniambia tulipokuwa tukiondoka wodini. "Kilichobaki ni chakula. Asipokula hadi Jumatatu, mrudisheni tumlishe kwa mpira wa puani."

Mume wangu, Stanslaus, aliyasikia maneno hayo. Tulipofika kwenye gari alinishika mkono akasema kwamba mpira huo utapita katika pua ya maiti yake, si katika pua yake. Stanslaus si mtu wa kusema maneno ya kutisha. Ndiyo sababu niliogopa.

Ile ilikuwa siku yetu ya sita nyumbani, hapa Kabungu. Katika siku hizo zote alikuwa amekunywa vijiko kumi na kimoja vya uji. Nasema kumi na kimoja kwa kuwa nilivihesabu. Nilimpa maziwa ya mgando, kuku wa kienyeji, wali laini na viazi vya kuponda. Kila sahani aliitazama kwa adabu, kisha akageukia ukutani. "Kila kitu kina ladha ya msumari, Mama Kabula," alisema. Mtu aliyekuwa akipandisha gunia la mahindi begani bila kusaidiwa sasa alishikwa na binti yetu, Kabula, ili aweze kukaa.

Jumamosi jioni alinong'ona jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

"Kama ningepata kaa wa Mwese."

Kabula alinitazama. Mimi nilitazama chini.

Ni lazima nieleze. Mume wangu ni Mbende wa milima ya Mwese, alikokulia akipindua mawe ya vijito na kukamata kaa kwa mikono. Mimi ni binti wa wafugaji. Nyumbani kwa baba yangu kaa alihesabiwa pamoja na nge na jongoo, na mtu aliyemla hakuazimwa kijiko. Tulipooana niliweka sharti moja tu: kaa asiingie katika sufuria yangu. Stanslaus alikubali. Kwa miaka arobaini na mitatu alikwenda kula kaa kwa dada yake, mara moja kwa mwaka, na aliporudi alinawa kwa sabuni na majivu kabla hajavuka kizingiti, bila kunung'unika hata siku moja. Usiku ule wa Jumamosi nililikumbuka lile jivu mikononi mwake, nikaona aibu.

"Mpigie simu shangazi yako," nilimwambia Kabula.

Wifi yangu Marta aliwasili Jumapili saa nne asubuhi, amekaa nyuma ya pikipiki, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi. Mapajani alikumbatia kiroba kilichojaa majani mabichi ya mgomba, na ndani ya majani hayo kulikuwa na kitu kinachokwaruza.

"Wifi, pokea wageni wako," alisema kabla hata hatujasalimiana. "Kumi na wawili, wazima wote. Nimewanyunyizia maji njia nzima kama maharusi."

"Wageni hao ni wako," nilijibu. "Jiko ni lile pale."

"Thubutu! Mimi sishiki sufuria hapa. Kwetu mgonjwa akirudi kula, huanzia mkononi mwa mkewe. Nikimlisha mimi, watasema kaka yangu ni mjane mwenye mke." Alishuka kwenye pikipiki, akajikung'uta. "Ulimnyima miaka arobaini, wifi yangu. Leo utampa, tena utampa kwa mikono yako hiyo ya chaki."

Kabula aliziba mdomo kwa upande wa khanga ili asicheke. Nilimwona.

"Haya, sikiliza," Marta aliendelea. "Kwanza unamfungua gamba la mgongoni. Unatoa yale manyoya ya kijivu ya pembeni, anayopumulia. Halafu uangalie sana, yale ya—"

"Wifi," nilimkata kauli, "nimefundisha Sayansikimu kwa miaka thelathini na mmoja. Nenda ukamsalimie kaka yako."

Marta alikiweka kiroba miguuni pangu. "Sawa, mwalimu," alisema, akaingia ndani.

Nilikifungua kiroba sakafuni jikoni, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kaa hawatoki kama kuku, kwa kujifikiria. Walimwagika wote kwa pamoja, kila mmoja na upande wake. Niliwanasa tisa kwa koleo la mkaa. Watatu walipotelea nje kwa mwendo wao wa ubavu. "Waende zao," nilijisemea, nikarudishia mlango.

Wale tisa niliwamwagia maji yanayochemka, wakatulia. Nikaanza kazi.

Kwa baba yangu msichana alipimwa kwa utumbo wa ng'ombe. Siku ya kuchinja, wanawake wazima walikuja kuuchungulia utumbo uliouosha: ukiwa na chembe moja ya samadi, habari zako zilifika hadi kwa watu waliotaka kukuposa. Mimi niliuosha utumbo hadi ukawa mweupe kama karatasi. Basi nilipofungua gamba la kaa wa kwanza, nikakuta mle ndani uji mzito wa manjano, sikuwa na shaka: ndiyo samadi yake. Nikaukomba kwa kijiko. Nikasugua kwa chumvi na ndimu, nikasuuza katika maji ya kwanza, ya pili na ya tatu. Yale manyoya ya kijivu niliyatoa pia. Nilipomaliza, kaa wote tisa walikuwa weupe, wasafi, hawana harufu yoyote. Uji ule wa manjano niliutupa uani, na kuku waliumaliza kwa dakika mbili.

Niliwapika kwa kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mawese, nikaacha wachemke mpaka magamba yakawa mekundu. Nikachuja mchuzi katika bakuli, nikausonga ugali laini wa muhogo. Kwa macho ulikuwa mlo wa heshima.

Stanslaus aliketishwa, mto nyuma ya mgongo. Alipoliona bakuli, macho yake yalifunguka kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Nilichota kijiko kimoja, nikakipeleka mdomoni mwake. Akapokea mchuzi. Akaukalisha mdomoni. Tukangoja.

Akameza kwa shida, akayafumba macho.

"Ahsante, Mama Kabula," alisema. "Umejitahidi."

Kisha akageukia ukutani.

Heri angenitukana. Nilisimama na lile bakuli, na kupitia mlangoni nililiona begi la hospitali likinisubiri. Marta alininyang'anya kijiko, akaonja, akakunja uso.

"Wifi, haya ni maji aliyooga kaa. Yako wapi mafuta yake?"

"Mafuta gani?"

"Yale ya manjano! Yaliyo chini ya gamba!"

Niligeuka nikatazama uani, walikokuwa kuku. Katika miaka thelathini na mmoja niliwasimamisha watoto wengi mbele ya darasa kwa ajili ya kutazama pembeni kwa namna hiyo.

"Mama aliyatupa uani," Kabula alisema taratibu. "Nilidhani ndivyo nyie watu wa zamani mnavyofanya."

"Ninyi," nilimsahihisha, kwa mazoea tu.

"Kuku wamekula?" Marta aliuliza. "Mafuta yote? Ya kaa tisa?" Alianza kucheka, akacheka hadi akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kujifuta machozi. "Kaka, umesikia? Mkeo amemwosha kaa kama utumbo wa ng'ombe! Nguvu yote ya Mwese imo matumboni mwa majogoo!" Kisha kicheko kikamkatika ghafla, akanitazama kwa jicho la mhasibu. "Tisa? Mimi nilileta kumi na wawili."

"Watatu walikimbia."

"Wamekimbilia wapi?"

Hivyo ndivyo mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sabini na mmoja alivyopiga magoti katika ua wake mwenyewe, siku ya Jumapili, akiwa bado amevaa gauni la kanisani. Nilichungulia chini ya kinu, nyuma ya kuni na ndani ya ndoo. Kabula alipekua majani ya maboga. Marta hakuinama, alitembea akiuliza tu, "Maji yako wapi hapa? Kaa hakimbii hovyo, wifi, anatafuta unyevu."

Wa kwanza alikuwa chini ya mtungi wa maji ya kunywa, kwenye mchanga uliolowana. Alinibana kidole, na nikamshukuru. Wa pili alikuwa katika kijifereji cha mahali pa kuoshea vyombo, amejikunyata chini ya gunzi. Wa tatu hatukumwona.

"Wawili wanatosha kumwamsha mtu," Marta alisema. "Sasa sema wewe, mwalimu. Nikuonyeshe au unajua?"

"Nionyeshe, wifi yangu," nilisema.

Akaketi kwenye kigoda, mikono ameikunja kifuani asije akashika kitu, akanielekeza kwa kidevu. Niliwasafisha kwa nje kwa brashi, nikawamwagia maji ya moto. Nikafungua magamba, nikatoa manyoya ya kijivu peke yake. Yale mafuta niliyakomba kwa ncha ya kijiko na kuyahifadhi katika kikombe kama dawa. Miguu na magando nikavitwanga katika kinu kidogo, nikavichuja kwa chujio la chai mara mbili ili kipande cha gamba kisimkwame mgonjwa kooni. Kitunguu, nyanya, mawese. Mwisho nikatia yale ya manjano, nikaacha mchuzi uchemke mpaka nilipochoka kungoja, kisha nikangoja tena. Kaa wa mtoni, Marta alisema, haliwi nusu mbichi.

Rangi ya mchuzi ilibadilika ikawa kama udongo wa Mwese baada ya mvua. Harufu ilitoka jikoni, ikavuka ua. Sitasema kuwa ilinipendeza. Lakini kabla sijaipua sufuria, nilisikia sauti kutoka chumbani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa majuma matatu.

"Nani anapika huko?"

"Mkeo!" Marta alipaza sauti. "Nyamaza, usije ukamtisha!"

Nilimpelekea bakuli. Safari hii hakusubiri kijiko, alikishika mwenyewe. Akanywa. Akanywa tena. Akamega ugali, tonge dogo kama la mtoto, akachovya, akatafuna. Jasho jembamba lilimtoka kwenye paji la uso. Alipofika nusu ya bakuli alikiweka kijiko chini.

"Nyamizi," alisema.

Jina hilo hulitumia tunapokuwa wawili tu.

"Naam."

"Chumvi imezidi kidogo."

Niliketi kwenye kiti. Siku sita kila kitu kilikuwa msumari, na sasa mume wangu alikuwa akilalamikia chumvi. Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kama lalamiko lile. "Utavumilia," nilimjibu.

Alimaliza bakuli. Akafuta kwa tonge la mwisho. Kisha akauliza kama wamebaki wengine.

"Mmoja," Kabula alimwambia. "Ila yuko mtaani, baba. Ametushinda."

"Mmemtafuta kwenye jiwe la kuogea?"

Tulitazamana. Jiwe la kuogea liko nyuma ya nyumba, nasi hatukulifikia.

"Watu wazima watatu," alisema, akitikisa kichwa. Aliiteremsha miguu kutoka kitandani. Kabula alikwenda kumshika, naye akaukataa mkono wake, akashika ukuta, kisha fremu ya mlango, akatoka kwa hatua fupi hadi kwenye ngazi ya nyuma. Hapo aliketi juani, akanyoosha kidole.

"Upande ule wa kivuli. Inua polepole. Shika mgongoni, siyo mbele."

Niliinua jiwe. Kaa wa tatu alikuwepo, mkubwa kuliko wenzake wote, ameinua magando kama mtu anayedai haki yake. Nilimshika mgongoni.

"Huyo ni wa kesho asubuhi," Stanslaus alisema.

Nilimlaza katika majani mabichi ya mgomba, nikamnyunyizia maji, nikafunika kwa ungo na kuweka tofali juu yake. Kisha nikaingia ndani, nikalifungua begi la hospitali, nikarudisha sahani kabatini, shuka kitandani na khanga zangu mahali pake. Sufuria ile niliiosha kwa sabuni, nikaisuuza mara moja, nikaipachika pamoja na nyingine. Majivu sikuyatumia.