Rangi Ilifika Mbele ya Mukutano

Kama wakubwa wangetuma mutu mumoja tu mwenye kusema, muke wangu Cibalonza angekuwa bado anapika bugali. Lakini walituma rangi.

Siku ile nilikuwa ku soko ya Mumosho. Nilirudi mbele ya saa tatu na chumvi na sabuni, na toka kule njiani nikaona mulango yetu. Ilikuwa na musalaba mwekundu, toka juu mpaka chini. Mulango ya jirani, musalaba. Ya ng'ambo ya njia, musalaba. Rangi haikukauka bado, na inzi walikuwa wanashikwa ndani yake.

Cibalonza alikuwa amekaa inje, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi kama kawaida yake ya mwaka ule. Moyo yake ilikuwa imevimba. Daktari wa mujini alimuambia: mama, usipande mulima tena, usibebe kitu. Mwenye kuambia Mushi, mutu wa kabila yetu ya milima, asipande mulima, afazali amuambie asitoke mu nyumba. Basi alikuwa anakaa.

"Nani amefanya hivi?" nikamuuliza.

"Wanaume watatu na maaskari wawili. Walikuja na gari. Hawakusalimia."

"Walisema nini?"

"Kati yao, kifaransa. Mimi waliniuliza tu jina ya mwenye nyumba, wakaandika. Wakaenda nyuma, wakaangalia muhogo, wakarudi, wakapaka. Nikasema, papa, hii ni nini? Askari akajibu: samedi, Jumamosi hii, tutarudia, wote mukuwe hapa."

Ilikuwa vita ya pili ya inchi yetu. Mujini walitawala wale wa bunduki, na ofisi zote zilikuwa zao, hata ofisi ya kilimo. Mu vita ya kwanza tuliisha kukimbia, tukarudi, tukajenga upya. Mutu mwenye alipita mule humuonyeshi rangi nyekundu ku mulango yake halafu umuambie angojee samedi.

Ezéchiel akafika. Yeye alikuwa mukimbizi toka njia ya Bunyakiri, analimia watu mashamba, analala mu kibanda nyuma yetu. Alisimama mbele ya mulango, akaweka kidole ku rangi, akainusa.

"Papa Chantal," akaniambia, kwa jina ya mutoto wetu mwanamuke, "hapa hakuna kulala tena."

"Juu ya nini?"

"Kwetu walipaka makala ya moto ku milango. Walisema ni kwa kugawa chumvi, kila nyumba yenye alama itapata. Wenye walibaki kungojea ile chumvi, mimi sikuwaona tena."

Watu walikuwa wameisha kukusanyika. Mama Constance, jirani yetu, mwanamuke wa mudomo, akamushika Ezéchiel ku shati. "Na weye, mulango yako mbona iko safi? Ulipanga na wao?"

"Mama, mimi sina shamba, sina muhogo, sina hata mulango. Kile ni kipande ya bati. Wangepaka wapi?"

Wamoja walicheka. Lakini kicheko haikuenda mbali, na kila mutu akaingia kwake kufunga vitu.

Mimi nilibaki nimesimama. Kubaki, ni kumuweka muke mugonjwa nyuma ya mulango yenye alama. Kwenda, ni kumupandisha milima yenye daktari alikataza. Mutoto wetu Chantal alikuwa ameolewa mujini, ku Cimpunda, na hospitali iko upande wa huku wa muji. Nikafikiri: tukifika mpaka kule, hata moyo ikikatala, daktari atakuwa karibu. Ni hii tu nilikuwa nataka, kumufikisha.

"Simama, tuende pole pole," nikamuambia.

Akasimama, lakini hakuenda ku njia. Alizunguka nyuma ya nyumba na panga, akaanza kukata miti ya muhogo.

"Cibalonza, acha hiyo! Daktari alisema usibebe kitu!"

"Vita ya kwanza tuliacha," akasema, na hakugeuka. "Tulirudi, tukapanda nini? Ulinipa majani ya njiani nipike."

Na wote walikuwa wanakata. Mama Constance alikata, mafamilia yote walikata. Muhogo yenyewe ni muzito na inaoza haraka, lakini ukibeba miti yake, umebeba shamba. Majani ilikuwa imejikunja na madoa ya manjano, toka miezi. Tulisema ni jua. Hakuna mutu wa ofisi alikuja kutuambia kama ugonjwa iko ndani ya miti, na ukihama na miti, umehama na ugonjwa. Walijua. Ni sisi tu hatukujua.

Tukashika njia ya muji, watu wengi, na mbuzi, na mafungo ya miti ku vichwa. Ku mupando ya kwanza Cibalonza alikaa chini. Ezéchiel akamuinamia.

"Panda ku mugongo, mama."

Alimubeba mpaka juu, jasho inatoka. "Mama Chantal, weye ni muzito kuliko gunia ya makala."

"Ni sombe ya Polycarpe," akamujibu ku shingo. "Bwana yangu amenilisha hiyo majani ya muhogo toka siku ya ndoa. Nyama ni ku Noeli tu."

"Basi ningojee Noeli ipite, kisha nisikubebe tena."

Nilikuwa nyuma na sufuria na mablanketi. Nilisikia wanacheka, nikafikiri labda tutafika.

Bariere ilikuwa ku mwingilio wa muji, kamba tu toka muti mpaka muti, na maaskari wane. Watu walikuwa wameisha kujaa mbele yake. Jua ilikuwa kali ya saa nane.

"Bino nyonso, bozonga!" askari mumoja alikuwa anapaza sauti kwa Lingala yao, kisha akarudilia kwa Swahili: "Wote murudi! Kitu ya Mumosho haipite. Ni amri."

"Turudi wapi?" Mama Constance akapiga kelele. "Munatupaka damu ku milango, kisha munatukatalia kukimbia?"

"Mimi sikupaka mutu."

Kwa kweli hakuwa yeye. Mwenye kupaka alikuwa amesimama nyuma ya kamba, kijana mwenye mabuti ya mpira, na vidole vyake vyote vyekundu. Cibalonza njo alimutambua.

"Njo yule," akasema.

Sijui kama munaelewa kelele yenye ilitoka pale. Wamama waliangusha mafungo, wamoja walikimbia kurudi, mutu mumoja akaokota jiwe. Ezéchiel akanisukuma chini pamoja na muke wangu. Kijana akainua mikono juu, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi, sababu sasa kila mutu aliiona ile rangi.

"Mama! Papa! Mimi ni agronome, mutu wa kilimo! Ninaitwa Lucien! Rangi iko ya muhogo!"

Jiwe ilibaki mu mukono ya ule mutu.

"Ya nini?"

"Ya muhogo! Muhogo yenu iko mugonjwa. Tunatia alama ku kila shamba yenye ugonjwa, ili miti isitoke kule, isiende kuambukiza wengine. Ni hiyo tu! Hakuna kingine!"

Kisha Mama Constance, mikono ku kiuno:

"Na muhogo yenu ya ofisi, inalalaka ku mulango?"

Lucien akajifuta jasho na mukono, rangi ikabaki ku paji ya uso. "Muti ya muhogo ni mwembamba, mama, rangi haionekane. Tukiweka kibao mu shamba, watu wanakichoma kuni. Ku ofisi wakasema, tupake milango."

"Na hamuna midomo?"

"Maneno ilikuwa ya samedi. Ni mukubwa wetu njo mwenye kusema mbele ya watu, na yeye iko mu semina mpaka vendredi, siku moja mbele ya samedi. Akasema tuanze na rangi."

Hivi njo alisema. Nilisikia na masikio yangu. Mukubwa alikuwa amekaa mu semina, anakunywa Fanta, na sisi tulikuwa ku njia.

Cibalonza alikuwa amekaa juu ya fungo yake ya miti, mugongo ku magoti yangu. Akaanza kucheka. Kicheko kidogo, yenye haikukuwa na pumzi ya kutosha.

"Polycarpe. Kumbe tumekimbia muhogo."

Kisha akashika kifua, na kicheko ikageuka kukohoa, na midomo yake ikakuwa na rangi ya majivu.

Nikamuacha kwa Ezéchiel, nikaenda ku kamba. "Askari, mutoto wangu, muke wangu ni mugonjwa wa moyo. Hospitali iko pale, unaweza kuona bati yake. Acha tupite wawili tu. Miti inabaki."

"Papa, nimesema. Kitu ya Mumosho haipite."

"Yeye si kitu."

Lucien akaja mbio. "Shefu, waache! Amri ni ya miti, si ya watu!"

Askari akatoa karatasi mu mufuko, akaifungua. "Hapa inasema: kitu chochote toka Mumosho."

"Lakini ni mimi niliandika hiyo karatasi!"

"Basi uliandika mubaya."

Askari mwingine akacheka. Lucien hakucheka. Aliomba, alikasirika, alimuita shefu, alimuita ndugu. Mwisho askari akakubali kuuliza mukubwa wake ku redio. Redio ikajibu: komanda anakula, tungojee.

Tulingojea. Wenye hawakuwa na subira walishuka ku mufereji chini ya njia, wakazunguka, miti imefichwa chini ya nguo za vikwembe, wakaingia mujini, na maaskari wakageuza uso, sababu kila mutu mwenye kupita chini alikuwa anawaachia kitu. Mimi ningeweza kushuka na miguu yangu. Lakini mule mu mufereji huwezi kupita na mutu ku mugongo.

Nikarudi kwa muke wangu. Ezéchiel alikuwa anamupepea na kofia. Nikamuambia, "Bado kidogo, komanda anamaliza kula." Aliniangalia, akataka kujibu. Aliweka mukono yake juu ya yangu, nzito, na nikangojea jibu, na kichwa yake ikashuka polepole ku upande wa Ezéchiel.

"Papa Chantal," Ezéchiel akasema kwa sauti ya chini. "Mushike. Mushike vizuri."

Nilimushika. Mama Constance akaanza kulia kwa nguvu, na wengine wakapokea. Askari akakuja kuangalia, akavua kofia. Hakungojea redio tena. Akafungua kamba mwenyewe, na hakuna mwenye alituuliza kama maiti imetoka Mumosho.

Tulimulaza kwa Chantal, mu kile chumba kimoja ku Cimpunda. Walikuja watu wa parokia, wakaimba. Wenye tulikimbia nao walikuja pia, na niliona kila mumoja alikuwa ameisha kupata fasi kidogo ya kuchomeka miti yake, nyuma ya choo, ku mutelemuko, kando ya njia. Hakuna mwenye aliwazuia. Musimu yenye ilifuata, majani ya muhogo ya muji muzima ilijikunja, na ku redio mukubwa mumoja alisema ni juu ya kichwa nguvu ya raia, wenye hawasikii mafundisho.

Lakini kilio ilikuwa haijaisha bado wakati Lucien alikuja. Alikuja peke yake, bila mabuti, na mufuko ya mchele ku mukono. Alisalimia Chantal, akamupa mchele, akakaa ku benchi mbele yangu. Vidole vilikuwa safi sasa, alivisugua mpaka ngozi ikatoka.

"Papa Polycarpe, pole sana."

Niliangalia vile vidole.

"Watu hawataki kurudi Mumosho. Nimeenda kule, nimezunguka, hata wenye walibaki wananikimbia. Wakisikia gari tu, wanaingia mu migomba. Mukubwa wangu anauliza..." Akasimama, akaanza tena. "Mimi ninauliza. Kama ungekuja na mimi, siku moja tu. Wewe watakuamini. Ungewaambia ni muhogo tu, hakuna mutu atawaua, na miti waiache. Njo njia pekee ya kuzuia ugonjwa hii."

Watu wa kilio waliacha kuimba, wasikie. Ezéchiel aliangalia chini. Nilijua kijana anasema kweli, na nilijua hakuwa mubaya kuliko wale wenye walimutuma. Wale hawakufika ku kilio.

"Nimechoka," nikamuambia. "Maneno ilikuwa yenu. Mungeisema wakati Cibalonza alikuwa bado na masikio."

Alibaki amekaa kidogo, mikono kati ya magoti, kama mutoto mwenye anangojea mwalimu amuruhusu atoke. Kisha akasimama, akasalimia wote kwa mukono, mumoja mumoja, akashuka ku mutelemuko. Mama Constance akasogea ku benchi, akakaa pale Lucien alikuwa amekaa, na wakaendelea kuimba.