Tangazo la Majani ya Chai

Kilichomshangaza Mirriam si kwamba bi harusi alitazama televisheni ya kwao kwenye simu. Nani asiyetamani kwao? Kilichomshangaza ni namna alivyoitazama. Mchezo ukianza, watu wakilia na kugombana kwa Kiurdu, Fariha alizima sauti akaendelea kukunja nguo. Matangazo ya biashara yakiingia, nguo aliziacha, sauti akaiongeza, uso akausogeza hadi pumzi ikatia ukungu kwenye kioo.

"Matangazo!" Mirriam alijisemea akimenya vitunguu. "Wenzake yakija ndipo hukimbilia msalani."

Mirriam, mzaliwa wa Rabai, alikuwa amepika katika nyumba ile ya Mji wa Kale miaka tisa. Mwenye nyumba, Sugrabai, alimwoza mwanawe Huzefa msichana kutoka Karachi, na sasa ulikuwa mwezi wa nne. Huzefa alishinda kazini, kwenye maghala ya Shimanzi, na malori ya kampuni. Fariha alishinda nyumbani, mpole, mwenye salamu nzuri, naye alikuwa akikonda.

Siku moja Sugrabai aliingia jikoni akafunga mlango.

"Mirriam, huyu mtoto hutazama nini kila siku saa nane?"

"Televisheni ya kwao, Mama Huzefa."

"Hilo najua, mimi si kiziwi! Nakuuliza anatafuta nini humo. Mwili uko hapa, roho iko Karachi. Mimi nikiingia anasimama, anavuta mtandio, anazima. Wewe hakuogopi. Kama ana mtu wake huko, heri nijue mapema, nimrudishe kwao kwa heshima yake, kuliko mwanangu kuaibika."

Kisu kilimsimama Mirriam mkononi. Kumrudisha! Usiku ule alipiga magoti kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Bwana, nipe neno la kweli nilibebe, na lisilo kweli unifunge mdomo."

Kesho yake saa nane alipanda juu na kapu la nguo.

"Mwanangu, nikae nawe?"

"Kaa, Dada," alisema Fariha kwa Kiswahili chake cha miezi minne.

Kwenye simu mzee mwenye ndevu alimzaba kijana kofi, kimya kimya.

"Masikini! Kafanya nini huyu?"

"Sijui."

"Hujui? Si wewe unayetazama kila siku?"

Fariha alicheka, mara ya kwanza Mirriam kumsikia. Kisha yakaja matangazo: sabuni, biskuti, halafu birika la chai likifoka mvuke. Sauti ya mwanamume ilitoka, nzito, ya upole, na midomo ya Fariha ikaifuata neno kwa neno. Tangazo lilipokwisha mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Ni nani huyo?" Mirriam aliuliza taratibu.

"Baba yangu. Kazi yake ni hiyo, kusoma matangazo."

"Yu hai?"

"Hai, mzima."

"Basi si umpigie?"

"Napiga. Mama yangu anashika, baba hashiki." Fariha alitafuta maneno. "Kwetu, baba wa bibi harusi hasemi na nyumba ya mume mpaka wakwe wamwite. Akitangulia, watu watasema anajipendekeza. Na mimi nikimwambia mama mkwe ampigie, ni kama nasema hana adabu. Basi namsikiliza hapa."

Mirriam alishuka. Sugrabai alikuwa akimngoja chini ya ngazi.

"Haya, niambie. Ni mwanamume?"

"Ni mwanamume, Mama Huzefa."

Sugrabai alishika ukuta.

"Anauza chai. Ni baba yake mzazi."

Alipokwisha kuelezwa yote, Sugrabai alimaka. "Lakini mimi ndiye ninayemngoja yeye! Hapa kwetu mwenye binti ndiye hupiga kwanza, aulize mtoto kafika vipi. Miezi minne nasema moyoni, watu hawa wametudharau."

"Basi mmesimama mlangoni wawili, huyu anamwambia yule tangulia, na mtoto mmembana katikati."

"Usinicheke, we Mirriam. Niletee simu. Namba yake ninayo tangu siku za posa."

Alijitengeneza mtandio kana kwamba angeonekana, akapiga, akatoa salamu ndefu kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani ya familia zote mbili, ambayo Mirriam, baada ya miaka tisa, aliielewa nusu. Kisha akapanda ngazi na simu mkononi akiwa ameifungulia sauti. Mirriam alimfuata hadi ngazi ya kati, moyoni akisema asante, asante.

Mlango ulifunguliwa. Sauti ya yule mwanamume ilisikika simuni, pasipo muziki wala mvuke. Iliita jina la bintiye mara moja, ikakwama. Mtu aliyewanunulisha watu wa mji mzima majani ya chai alikuwa amekosa neno. Fariha naye alisimama na mkono kinywani.

"Anza wewe, mwanangu," alisema Sugrabai. "Sisi wakubwa tumeshindwa."