Ntumba za Isdori

Mume wangu, Lugano, alichoma ntumba kumi na nane katika wiki yetu ya pili kijijini. Hakujua ni kitu gani. Mimi pia sikujua.

Sisi ni watu wa Tukuyu. Lugano ni mwinjilisti, na kanisa lilitutuma huku Ufipa, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Sumbawanga. Nyuma ya nyumba ya kanisa tulikuta bustani iliyojaa vilima vya udongo vyenye kimo cha goti, majani yakichomoza chini yake. Lugano aliona uchafu. Alivibomoa, akayaanika majani siku nne, akayatia moto. Kisha akanyoosha matuta marefu kwa kamba, kama ya kwetu.

Jumamosi alikuja Mama Klementina, mzee wa kanisa, aliyetupokea kwa ugali wa ulezi siku tuliyofika. Alikuwa mjane wa majuma matatu. Alibeba mbegu za maharage katika pindo la kanga.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Rahel." Alitazama jivu. "Ntumba ziko wapi?"

Lugano alimwonyesha matuta yake kwa fahari.

"Mwinjilisti, huko kwenu mvua inawadekeza. Huku udongo usipolishwa, haukulishi. Majani yanafukiwa, yanaoza, maharage yanaota juu yake. Mwakani kilima kinatawanywa, unapanda ulezi." Akaligusa jivu kwa ncha ya mguu. "Alizipanga Isdori wangu. Alisema hana sadaka nyingine ya kumpa mwinjilisti mpya. Alimaliza Jumanne, kabla hamjafika. Ijumaa tulimzika."

Lugano alipiga magoti penye jivu. Aliomba msamaha. Niliogopa kwamba mama huyu hatakanyaga tena kanisani, na kwamba hatutakuwa na la kumlaumu.

"Simama," alisema. "Msamaha nimekupa. Lakini msamaha hauozi ukawa mbolea. Lete jembe."

Majani ya karibu yalikuwa yamekwisha. Tuliyafuata bondeni, tukayabeba kichwani. Klementina alielekeza: majani chini, kisha mabonge ya udongo yenye nyasi, yamepinduliwa, mizizi juu. Lugano alijenga kilima cha kwanza. Kikaporomoka.

"Hilo ni kaburi la paka," alisema mama. Hakucheka, nasi hatukuthubutu.

Alikibomoa kwa mguu, Lugano akaanza upya. Malengelenge yalimpasuka viganjani, naye hakuomba kupumzika.

Jua lilipoinama tulikuwa na vilima vitatu. Klementina alipanda maharage juu yake, mbegu baada ya mbegu, kwa kidole. Zilizobaki alizimimina katika bakuli langu.

"Hizi alizichagua yeye," alisema. "Usizipande kwenye matuta yako ya kamba."

"Sitapanda, mama."

Alimgeukia Lugano. "Bado kumi na tano. Kesho utatuhubiria, nami nitakaa mahali pangu. Jumatatu tukate majani."