Kamati ya Watoto wa Wengine

Mama mwenzangu, kazini kwako wakikuomba ujitolee kwenye kamati ya shule, kubali. Ila taja shule anayosoma mwanao. Mimi sikutaja.

Kiwandani kwetu tunabangua korosho. Elizabeti, afisa utumishi, alituita akasema kampuni inataka wafanyakazi wazisaidie shule. Atakayekubali atapewa ruhusa kila Ijumaa na mshahara haukatwi. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mimi niliyeishia la saba, leo niitwe mjumbe! Wakanipa shule ya Naliendele, karibu na kiwanda. Binti yangu Warda yuko darasa la nne Ziwani, anakaa na mama yangu.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba. Msimu wa korosho watoto wanatoroka shule kwenda kuokota, na Oktoba ndiyo mtihani wa darasa la nne. Nyumba moja nilimkuta mama mmoja, Asia, na wanawe wawili, pacha wa darasa la nne, wakiokota chini ya mikorosho.

"Dada, shule je?"

"Mama kamati, na wa kwako yuko wapi?"

"Wangu yuko Ziwani. Hakosi hata siku."

Akacheka. "Umemwona leo?"

Oktoba wanawe Asia walifanya mtihani wote wawili. Nilishangiliwa kwenye kikao. Lakini kila nikimwona mtoto wa kimo cha Warda na sare yake, ninamkumbuka. Miezi mitatu sikuwa nimekwenda Ziwani. Kila nikipanga safari, kikao.

Wiki ile ya mtihani mama alikuwa amenipigia. Nikamjibu, "Niko kikaoni, mama, nitakupigia." Sikupiga.

Jumamosi nikaenda Ziwani na daftari mpya. Warda alinipokea mbio, nikamshika mikono. Ilikuwa imechubuka, inanuka mabibo ya mikorosho.

"Mtihani ulikuwaje, mwanangu?"

Akamtazama bibi yake.

"Mgongo uliniuma, siwezi kuinama," mama akasema. "Korosho zimeanguka zote. Mwalimu alituma watoto mara mbili wamwite, nikasema kesho. Nilikupigia unishauri."

Nimgombeze nani? Nilifika nyumba thelathini Naliendele, ya mama yangu sikufika. Warda atarudia darasa.

Jioni nikafungasha. Warda akachukua kikapu changu anisindikize.

"Mama, Jumatatu utanipeleka shule?"

"Jumatatu niko kazini."

"Basi Ijumaa. Si huwa wanakuruhusu?"

"Ijumaa nina kikao," nikasema. Limenitoka hilo kabla sijalifikiria, na halirudi.

Hakulia. Afadhali angelia, ningepata cha kumbembeleza. Alitembea mbele yangu, amekua, gauni sasa linaishia magotini. Kituoni akanipa kikapu.

"Haya mama. Wasalimie watoto wako wa Naliendele."