Kwaya Ndani ya Jumatano

Nelima, mke wa mwanangu, huandika ng'ombe kwenye kompyuta ya daktari wa mifugo huko Kisaju: ng'ombe wa nani, amepandishwa lini, mbegu ya fahali gani. Kila jioni hurudi Kitengela na flashi ya siku hiyo, anaiweka kwenye mkebe kabatini, ili kompyuta ikifa kazi isife nayo. Kila siku na flashi yake.

Mimi nilitaka moja tu, ya nyimbo za kwaya, nisikize nikichambua mboga. Nikajiambia, ya jana Alhamisi ndiyo mpya, hii ya Jumatano ni gazeti la juzi. Kwa saiba, pale wanapotia nyimbo kwa kompyuta, wakaniuliza kama wafute yaliyomo. Nikasema futeni, hata mkipiga deki ni sawa. Jioni nikairudisha mkebeni. Mwizi mwenye adabu.

Jumamosi kompyuta ikakataa kuwaka. Wakaleta ingine, Nelima akarudisha ya Jumatatu, ya Jumanne. Alipofungua Jumatano, kwaya ikaimba mbele ya daktari.

"Akasema nini?" nikamuuliza usiku akinipakulia ugali.

"Aliuliza ni nani. Nikasema ni mimi nilichanganya. Amenipa mpaka Jumanne niyapate yaliyopotea, ama nitafute kazi kwingine."

Nilitaka kuuliza kama sauti ya tatu ilisikika vizuri. Nikamega ugali kwanza.

"Si Ijumaa iko?" nikasema.

"Mama, kila kitu tunaweka Jumatatu peke yake. Siku hizo zingine ni kile kimeongezeka tu. Ijumaa inakanyaga Alhamisi, Alhamisi inakanyaga Jumatano. Ukitoa Jumatano, hizo mbili hazina pa kukanyaga."

Alisema polepole, kwa heshima. Heri angenikaripia. Kumbe nilifuta siku tatu.

Jumapili tukaenda boma kwa boma kuuliza tarehe za ng'ombe waliopandishwa siku hizo tatu. Tukaanza kwa Seleyian, mama mwenye ng'ombe.

"Mlipotezaje kitu imeandikwa?" akauliza.

"Ni kompyuta, mama. Iliharibika tu," Nelima akasema, bila kunitazama.

Nikaangalia viatu vyangu. "Si kompyuta. Ni mimi nilifuta, nikaweka kwaya."

"Wewe, koko?" akaniita nyanya kwa Kimaasai. "Mtu mzima hivi?"

"Mzima hivi."

Nilingoja acheke, nipate pa kujificha. Hakucheka. Alivuta kigoda, akampa Nelima.

"Andika. Huyu mweusi ni Alhamisi, asubuhi."

Mimi nikabaki nimesimama juani na mkoba wa Nelima mkononi. Boma kumi na moja zilikuwa zimebaki, na kwa kila moja ni mimi ningesema nilichofanya.