Alika wa Nahale

Honolulu mtu haulizwi kwanza kazi yake. Huulizwa alisoma wapi, na akitaja shule ya serikali, aliyeuliza husema "Aa," halafu anabadilisha mazungumzo. Ndiyo maana siku Nohea alipopata ufadhili wa kuingia darasa la sita kwenye shule ya kulipia kule mjini, ukoo wao mzima kule kwao Waianae ulifanya karamu. Babu yake, mzee Lopaka, alimtangazia kila aliyekutana naye dukani, hata wale ambao hawakuwa na haja ya kujua.

Darasa la sita la shule ile lina masomo yake. Hesabu zipo, Misri ya kale ipo, lakini mwaka mzima huzunguka kwenye magimbi. Kila mtoto hupewa mche wake aupande kwenye tope la bondeni, nyuma ya maktaba. Anaupalilia, anapima majani yake kwa rula ili apate cha kuchora kwenye somo la hesabu, na wakati huohuo anajifunza nasaba yake kwa moyo. Maana kwa watu wa visiwa vile gimbi ni kaka mkubwa: lilizaliwa kwanza, binadamu akafuata nyuma. Sasa utamleaje kaka yako nawe hujui mmezaliwa na nani? Mwisho wa mwaka huja siku ya familia. Watoto huponda magimbi kuwa poi, uji mzito wa kuchotwa kwa vidole, husimama mbele ya watu wakaghani nasaba zao, kisha kila ukoo hukaa meza yake na kula.

Nasaba hiyo Nohea alifundishwa na babu. Walikuwa wakiighani ndani ya gari kuukuu la mzee, yeye akipiga usukani kwa kiganja, jina moja kwa pigo moja. "Nohea wa Alika! Alika wa Lopaka! Lopaka wa Nahale! Nahale wa Kaimana!" Mtoto akiruka jina, mzee anapunguza mwendo.

"Umeshamuua huyo," anasema. "Haya, mfufue tuendelee."

Wanacheka, wanaendelea.

Mambo yaliharibika mwezi wa pili. Polisi walivamia uwanja mmoja wa kupiganisha majogoo, na taarifa ya habari ya jioni ikamwonyesha mzee Lopaka katiwa pingu, kichwa kainamisha, na nyuma yake jogoo mmoja akiwika kama vile hayamhusu. Kesho yake, saa ya chakula, Brooke Shimabuku, binti wa daktari wa meno, alimsogelea Nohea akamwuliza kwa upole wa kutisha:

"Nohea, samahani eti. Babu yako anafuga wa mayai au wa ngumi?"

"Wa ngumi!" akajibu mvulana wa meza ya pili. "Hukumwona mwenyewe alivyotolewa ulingoni?"

Meza nzima ikawika kokoriko. Tangu siku hiyo Nohea hakupita ukumbini bila kuwikiwa. Hakulia, lakini uso umeumbwa na haya, na wa mtoto wa miaka kumi na miwili una haya kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mzee alitoka rumande akaja kumchukua shuleni na gari lake lilelile. Nohea akamwomba awe anamngojea kule chini, kwenye duka la donati. Mzee hakuuliza kwa nini. Akawa anamngojea kwenye donati.

Siku ya familia ilipokaribia, mzee alisema shati lake la maua ameshalipiga pasi.

"Aa, babu," Nohea akasema, huku anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. "Mwaka huu ukumbi ni mdogo. Wamesema wazazi tu."

"Wazazi tu," mzee akarudia. "Sawa. Shule zina taratibu zake."

Siku yenyewe, zamu ya Nohea ilipofika, Mwalimu Leimomi alikuwa amekaa kitako jukwaani na kibuyu chake cha kupigia mdundo. Nohea akavuta pumzi. "Nohea wa Alika!" Kibuyu kikadunda. Hapo macho yake yakamwangukia Brooke, safu ya mbele, ameuma midomo, mashavu yamemvimba kwa kicheko kinachosubiri ruhusa. Wavulana pembeni yake wamekwisha kunyoosha shingo. Wote walijua jina linalofuata.

"Alika wa Nahale!"

Mkono wa Mwalimu Leimomi ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. Nohea akatiririka mpaka kwenye jina la mwisho bila kukwama, na watu wakampigia makofi. Hakuna aliyewika. Alishuka jukwaani miguu myepesi, karibu afurahi, na mlangoni akamkuta baba yake Alika na, ubavuni mwa baba, mzee Lopaka ndani ya shati la pasi, shada la maua limening'inia mkononi mwake.

Angepata pa kuingia, angeingia akajifukia.

"Mama yako kabanwa na zamu," baba alisema, sauti imekauka. "Nikamleta babu yako. Wa getini kasema nafasi ni tele."

Mzee alimvika mjukuu wake lile shada, akambusu shavu, kama desturi ilivyo. "Sauti ilifika mpaka nyuma," alisema. Basi.

Walikaa, baba akafunua bakuli la poi. Na bakuli la poi likiwa wazi hakuna kugombana, wala kusemana, wala kukunjiana uso: kaka mkubwa yuko mezani. Nohea analijua hilo tangu hajaota meno, na siku ile ndipo alipolishukuru. Akaliweka bakuli mbele yake kama mlinzi. Baba aliponyoosha mkono kulifunika, kwa sababu ya nzi, akaruka, "Bado nakula!" Akachota tena, na tena, tumbo limejaa, koo linakataa. Alikuwa anakula woga wake. Ng'ambo ya meza mzee alichota kwa vidole viwili, taratibu, akimwekea mjukuu vipande vya nguruwe vilivyonona kama alivyofanya siku zote. Kila kipande kilimchoma. Afadhali angepigwa kelele.

Daktari Shimabuku alikuwa anapita meza hadi meza kusalimia. Mtu mwema, hana neno. Brooke alikuwa nyuma yake, macho yote kwa mzee.

"Hongera, Alika, binti yako ana sauti!" daktari alisema. Kisha akamgeukia mzee na kumpa mkono. "Na wewe mzee wangu, ni nani wake Nohea?"

Nohea aliacha kutafuna. Baba alifungua mdomo. Mzee akamwahi.

"Mimi? Jirani tu, daktari. Nimewapa lifti, gari lao bovu."

"Ujirani mwema huo! Karibu sana," daktari akasema, akaendelea na safari yake. Brooke alibaki amesimama kidogo, kisha naye akamfuata baba yake.

Mzee alirudi kwenye sahani yake. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nohea aliyatazama masikio yale, akajua hakuna wa kumlaumu ila yeye mwenyewe. Akachukua kifuniko, akalifunika bakuli.

"Babu, nigombeze."

Mzee alijifuta vidole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa balaa.

"Jirani hagombezi watoto wa watu, mama."

Baba aligeuza uso dirishani. Nohea alikaa na jibu hilo mpaka lilipomshinda, akasimama. Hapakuwa na kibuyu, hapakuwa na jukwaa, watu walikuwa wanatafuna. Akaanza kughani, na sauti yake, ile iliyosifiwa, ikatoka na mikwaruzo. Meza za jirani zikanyamaza. Mwalimu Leimomi akageuka na jagi la maji mkononi.

"Nohea wa Alika! Alika wa Lopaka!"

Kokoriko! Ikatoka meza ya wavulana, na kicheko kikafuata, cha watoto na cha wakubwa wasiojua wanachekea nini. Nohea alisubiri kipungue. Kisha akasema tena, "Alika wa Lopaka," akimwonyesha kwa mkono asije mtu akasema hakumwona, "Lopaka wa Nahale," akaenda mpaka mwisho, mashavu yanawaka, akakaa.

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama vilevile kama kwenye televisheni.

"Ungeniacha tu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mimi, kama ningeweza, ningejiruka."

Nohea aliushika mkono wake, unanata kwa poi, mbele ya Brooke na mbele ya wote, na haya haikumpungua hata kidogo, lakini hakuuachia.