Analilia Jina

Mtoto wa Verediana alikuwa na visa, jamani, visa vya mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi. Miezi minne tu duniani, lakini ukimpa ziwa halirukii kama watoto wenzake. Kwanza analikagua kama mama anayeshuku parachichi la sokoni. Halafu analichapa vibao viwili. Akishatia mdomoni, mkono mmoja unakamata ziwa la pili lisije likaibwa, na kidole gumba cha mguu kinapanda kutafuta tundu la pua la mama yake. Na mtu akibisha hodi, basi tena! Bwana mkubwa anageuza kichwa kuona nani kaja, na ziwa anageuka nalo. Verediana alikuwa anapiga yowe mpaka majirani wa mtaa wa Soweto, pale Mbeya, wanakuja kuuliza kuna nini.

Hayo yalivumilika. Kilichomtoa jasho ni mgomo.

Verediana alikwenda kujifungulia kwao Mafinga, nyumbani kwa mama yake, nyumba iliyogusana ukuta na kiwanda cha kupasua mbao. Huko mtoto alinyonya akanenepa mpaka mikono ikapata mikunjo. Huko huko akapewa jina, Filemoni, jina la baba yake Verediana, aliyesimama kwenye msumeno wa kiwanda hicho maisha yake yote na kufariki mjukuu akiwa bado tumboni. Gwakisa, baba mtoto, alilikubali jina kwa simu bila kumuuliza mama yake. Wanaume bwana!

Waliporudi Mbeya, nyumbani kwa mama yake Gwakisa, mtoto akagoma. Usiku, akiwa usingizini, ananyonya. Mchana akiletewa ziwa analichapa vibao vyake, ananusa, anageuza uso, analia. Kliniki wakampima uzito, wakamchungulia mdomo na masikio, wakasema ni mzima kabisa.

"Najua ni mzima," akasema mama mkwe, Damari. "Huyu haumwi. Analilia jina."

Katika nyumba ile hakukuwa na ubishi juu ya jambo hilo. Mtoto akikataa ziwa, ujue amekataa jina alilopewa na anataka la mtu mwingine. Na Damari alimjua huyo mtu mwingine: marehemu mumewe, Asukile. Tangu mtoto afike, hakuwahi kumwita Filemoni hata kwa bahati mbaya. Mtoto alimwita "huyu bwana," na Verediana "mama mtoto."

Verediana alikosa raha. Yeye alikuwa mtoto wa pekee. Jina la baba yake likifutwa kwa huyu, hakuna mwingine wa kulibeba, ndiyo limekwisha. Akawa analia jikoni na kusingizia vitunguu, hata siku za kupika uji.

Damari akapanga Jumamosi. Shangazi Tusajigwe, dada yake marehemu Asukile na mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, angekuja. Mtoto angewekwa kifuani, majina yangeitwa, na jina atakalonyonyea ndilo lake.

Alhamisi, Verediana akiwa amekaa uani na mwanawe aliyenuna, fundi seremala wa nyuma ya ukuta, Obeid, alirudi kutoka safari ndefu ya kwao, akawasha mashine yake ya kuranda mbao. Ngrrrrrr! Mtoto akashtuka, akatega sikio, akachapa vibao viwili na kulivamia ziwa kama mwenye deni nalo. Mashine ikazimwa, akaachia na kulia. Ikawashwa, akavamia tena.

Verediana alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Kumbe! Mtoto wa Mafinga, kazaliwa katika kelele za msumeno, mnataka anyonye kimyakimya kama yuko kanisani?

Mtu muungwana angekimbia ndani kumweleza mama mkwe. Verediana hakukimbia popote. Alipakua wali na kuku, akafunika sahani kwa kitambaa safi, akazunguka ukuta.

"Kaka Obeid, Jumamosi ukisikia jina Filemoni likiitwa, washa mashine. Likiitwa jingine, usiguse kitu. Tumeelewana?"

Obeid akaitazama sahani, akajikuna kichwa, akacheka cheko la mtu aliyebanwa. Nyuma yake, juu ya mbao, kulikuwa na mkungu wa ndizi mbichi. Verediana aliuona, lakini hakuutilia maanani.

"Tumeelewana, shemeji," akasema Obeid.

Jumamosi ikafika. Gwakisa akafukuzwa akazurure, maana hili lilikuwa jambo la kina mama. Shangazi Tusajigwe akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani. Verediana akamweka mtoto kifuani. Kama kawaida, akakagua, akachapa, akageuza uso.

Damari akasimama. Kanisani aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, na siku hiyo aliitoa yote. Ajabu ni kwamba alielekea ukutani badala ya kwa mtoto.

"ASUKILEEE!"

Ngrrrrrr!

Mtoto akavamia. Shangazi akapiga vigelegele. Verediana akahisi moyo umeshuka mpaka kwenye kandambili. Obeid kaniuza! Ndipo akaukumbuka ule mkungu wa ndizi. Jumatano ulikuwa jikoni kwa mama mkwe. Akamtazama Damari. Mama wa watu alikuwa anatengeneza kilemba, hana habari na mtu.

Alaa! Kumbe Alhamisi hakuwa yeye peke yake aliyeona mambo ya uani.

Mashine ikazimwa, mtoto akaachia. Verediana hakungoja zamu.

"FILEMONIII!"

Ngrrrrrr! Akavamia tena.

Kigelegele cha shangazi kikakatikia katikati. "Majina mawili? Haijawahi kutokea." Akawaza kidogo, akajaribu la kwake. "Tusajigwe!"

Obeid huko aliko alikwishachanganyikiwa. Ngrrrrrr!

"Yesu wangu," akasema shangazi, mkono kifuani. "Dume zima linanitaka mimi?"

Hapo hapo umeme ukakatika.

Kimya. Mtoto akaachia ziwa na kuangua kilio cha kutisha. Wakamtikisa, wakamwimbia, wakaita majina ya ukoo mzima pamoja na ya majirani. Wapi! Alilia mpaka akawa anakosa pumzi, na hata Verediana akaanza kulia.

Damari alishindwa kuvumilia. Mzee wa kanisa yule, na kilemba chake, akapiga magoti mbele ya mjukuu, akabana midomo.

"Ngrrrrrr!"

Mtoto akanyamaza. Vibao viwili, akavamia.

"Damari!" shangazi akaruka. "Hilo ni jina la nani?"

Damari hakuweza kujibu, maana angejibu mashine ingezimika. Verediana alicheka huku machozi yanamtoka, na mama mkwe alipoishiwa pumzi, akampokea. Kwa kupokezana hivyo wakamweleza shangazi yote, wali na ndizi, hakuna kilichofichwa. Shangazi aliwatazama kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Halafu akaweka mkoba chini na kuchukua zamu ya kunguruma, ili waongee vizuri.

"Hivi kelele hizi alizizoea wapi?" akauliza Damari.

"Mafinga, mama. Msumeno uko nyuma ya nyumba. Ndio huo aliokuwa anauendesha baba."

"Baba yako mwenyewe?"

"Mpaka alipofariki. Hata mimi nilinyonyea kelele zake."

Damari akakaa sakafuni. Aliushika mguu wa mtoto, akaufinyafinya kwa muda, na uso wake ukalegea.

"Basi nilisema kweli," akasema. "Analilia jina. Siku zote hizi anamwita babu yake wa Mafinga, na mimi namletea mume wangu." Akamfuta mtoto machozi. "Asukile atamngoja anayefuata."

Akainama karibu na sikio lile dogo, akaita kwa sauti ya chini, mara ya kwanza tangu mtoto aingie nyumba ile.

"Filemoni."

Shangazi kwa mshangao akasahau kunguruma. Chumba kikawa kimya kabisa. Mtoto hakuachia. Aligeuza kichwa kumwona anayemwita, na ziwa akageuka nalo.

"Yalaaa!" Verediana akapiga yowe. "Mama, usimwite akiwa ananyonya!"

Damari akamwita tena.